Jinsi ya Kuipima Hatifungani ya Kugharamia Uharibifu wa Dhoruba kwenye Mtandao wa Umeme

Wakazi wa Kirumba na Igogo wanazijua dhoruba zinazotoka ziwani usiku: nguzo huanguka, radi huunguza transfoma, na mafundi hurudisha umeme kabla ya kujulikana nani atalipa gharama. Katika majimbo kadhaa ya Marekani gharama hiyo hulipwa kwa hatifungani za dhoruba, yaani hati za mkopo ambazo wawekezaji hununua ili warudishiwe fedha zao pamoja na riba kutokana na tozo inayokatwa kwa wateja wa umeme, na yeyote anayetaka kupima iwapo njia hiyo ingefaa hapa Mwanza aanze kwa kuzifuata hatua zake.

Anza na sheria, kwa kuwa pasipo sheria hakuna mwekezaji atakayeamini kwamba tozo haitafutwa kesho. Florida ilipitisha ya kwake mwaka 2005, nayo Louisiana mwaka 2006, baada ya kimbunga Katrina. Sheria hizo humruhusu mdhibiti wa huduma za umeme kutoa amri ya tozo hiyo ambayo, ikishaanza kutumika, haitenguliwi.

Kisha kagua hesabu, na hapa usiharakishe. Kampuni ya umeme huwa imekwisha kukopa kwa muda mfupi ili inunue nguzo na nyaya, ndipo inapopeleka madai yake kwa mdhibiti. Uliza kama fedha za bima na akiba ya dharura zimeondolewa kwenye madai, na kama nguzo zilizoanguka zilikuwa nzima au zilikuwa zimeoza kwa kukosa matunzo. Kwa maoni yangu, uzembe wa matunzo haustahili kubebeshwa dhoruba wala mteja.

Gharama zikikubaliwa, haki ya kukusanya tozo huhamishiwa kampuni ndogo iliyoundwa kwa kazi hiyo pekee, ambayo huuza hatifungani na kukabidhi fedha kwa kampuni ya umeme, ili hata hiyo ya pili ikifilisika wawekezaji wasiguswe. Kila mteja hulipa tozo, nayo hurekebishwa mara kwa mara, ipande au ishuke, ili marejesho yasipungue. Usalama huo ndio unaoshusha riba. Kwa njia hii kampuni ya umeme ya Florida Power & Light ilipata dola milioni 652 mwaka 2007.

Nchini Tanzania mfano wa karibu ni hatifungani ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya mwaka 2024, ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5, ingawa ile ilikuwa ya kupanua huduma ya maji. Njia ya kukusanya tozo nayo ipo: tazama risiti yako ya LUKU, utaona makato ya REA, wakala wa nishati vijijini, ya asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ya asilimia 1.

Sasa piga hesabu. Tuseme matengenezo yamegharimu bilioni 10, kwa riba na muda kama wa Tanga. Mtaji ukirejeshwa wote mwishoni, riba pekee itafika bilioni 13.5, ukirejeshwa bilioni moja kila mwaka, itakuwa takribani bilioni 7.4. Tofauti hiyo ya bilioni sita hutoka mfukoni mwa muuza dagaa mwenye friji na fundi wa kuchomelea, kwa hiyo ratiba ya marejesho isomwe kabla ya kitu kingine chochote.

EWURA ikiitisha taftishi, yaani mkutano wa kupokea maoni ya wananchi, juu ya pendekezo la namna hii, peleka maswali yako kwa maandishi: kiasi kilichokaguliwa, ratiba ya marejesho, tozo kwa kila uniti, na tarehe ambayo tozo hiyo itakoma.