Dada mkimbizi, ukienda kliniki uliza na hili
Dada zangu kutoka Kongo, Burundi na Sudani Kusini mnaoishi Nakuru na Kisumu, ukipeleka mtoto chanjo au ukifuata uzazi wa mpango, mwambie nesi unataka pia kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Usingoje kuumwa; mwanzoni haina dalili yoyote.

Kipimo cha siki ni cha dakika chache. Nesi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, kisha anaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Majibu unapewa papo hapo. Usiende ukiwa kwenye hedhi. Ukiona haya, na wengi wetu tunaona, omba nesi wa kike au mtu wa lugha yako.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza ukiwa na miaka 30, au 25 kama unaishi na virusi vya UKIMWI. Majibu yaandikwe, uyaweke pamoja na karatasi zako za ukimbizi, maana tunahamahama sana.

Binti aliyefika miaka 10 naye achanjwe chanjo ya kukinga saratani hii. Kenya inatoa chanjo hiyo bure tangu 2019.