Kubadilisha Sensa ya Krenkishafti na Soketi Yake

Gari likizima ghafla baada ya kupata moto, likakataa kuwaka kwa nusu saa, kisha likawaka lenyewe lilipopoa kana kwamba halikuwahi kusumbua, mafundi wengi hutaja jina moja kabla hata ya kufungua boneti: sensa ya krenkishafti. Mara nyingi hawakosei. Hata hivyo, baadhi ya sensa zinazotupwa huwa nzima kabisa, kwa sababu ubovu ulikuwa kwenye soketi ya nyaya au kwenye sentimita chache za waya zilizo nyuma yake, na mwenye gari hununua sensa ya pili kabla mtu yeyote hajaimulika soketi hiyo kwa tochi. Kwa sababu hiyo, maelezo haya yanaichukulia sensa na soketi yake kuwa kazi moja.

Krenkishafti ni mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Kwenye mhimili huo, au kwenye flaiwili (gurudumu zito) iliyofungwa mwishoni mwake, kuna gurudumu la meno, na sensa hukaa mbele ya meno hayo kwa mwanya mdogo ambao kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.5 na 1.5. Mpangilio unaotumika sana ni wa nafasi 60 ambazo 2 kati yake hazina jino. Kila nafasi ni nyuzi 6 za mzunguko, na pengo la meno mawili yaliyokosekana ndiyo alama inayoiwezesha kompyuta ya injini kujua mhimili umefika wapi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno 2,900 hupita mbele ya sensa kila sekunde, na kompyuta hutegemea mipigo hiyo ili kujua wakati wa kurusha cheche na wakati wa kufungua noseli za mafuta. Mipigo ikikatika, katika magari mengi kompyuta huona injini imesimama, na hukata cheche na mafuta kwa pamoja.

Sensa hizi ni za aina kuu mbili, na ni lazima ujue uliyo nayo kabla ya kushika mita. Ya kwanza ni ya koili na sumaku, ambayo kwa kawaida ina nyaya mbili na huzalisha umeme wake yenyewe. Wakati mwingine huongezewa waya wa tatu, ambao ni wa wavu wa kuzuia mwingiliano wa umeme. Ya pili ni ya Hall, inayohisi sumaku kwa kutumia umeme inaoletewa kutoka nje, yenye nyaya tatu: wa kuleta umeme wa volti 5 au 12, wa hasi, na wa ishara. Usitegemee idadi ya nyaya peke yake, bali angalia mchoro wa umeme wa gari lenyewe.

Kabla ya kununua chochote

Soma misimbo ya hitilafu kwa skana, yaani kifaa kinachounganishwa na kompyuta ya gari. Msimbo P0335 unahusu saketi ya sensa hii, P0336 ishara isiyo sahihi, P0337 na P0338 ishara iliyo chini mno au juu mno, na P0339 ishara inayokatikakatika. Hakuna hata mmoja kati yake unaosema kwamba sensa imekufa. Msimbo unaitaja saketi, na saketi ni sensa, soketi, nyaya na kompyuta. Ishara nyingine haihitaji skana: tazama mshale wa mizunguko ya injini unapopiga starta. Katika magari mengi, starta ikizungusha injini na mshale ukalala kwenye sifuri bila kutikisika, kompyuta haipati mipigo.

Sasa itafute sensa. Iko karibu na puli ya mbele, au ubavuni mwa bloku, au pale injini inapokutana na giaboksi, na katika magari mengi hufikiwa kutoka chini. Subiri injini ipoe, ondoa waya wa hasi wa betri, na ukilazimika kuingia chini ya gari, liweke juu ya stendi imara kwenye sakafu ngumu na uzuie magurudumu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tupu.

Chomoa soketi kwa kubonyeza kilimi chake cha kufungia, kisha uvute plastiki yenyewe na si nyaya. Itazame kwa utulivu, kwani hapa ndipo ubovu mwingi hujificha. Kutu ya kijani kwenye pini inaonyesha kwamba maji yameingia. Oili iliyolowa ndani ya soketi huenda imepita katikati ya sensa iliyopasuka, na inaweza kusafiri ndani ya ganda la waya hadi mbali. Kunja waya taratibu pale unapoingia kwenye soketi. Ukisikia ganda likivunjika kama jani kavu, joto limekwisha kulikausha. Kisha chukua pini mpya ya dume yenye ukubwa uleule na uichomeke kwenye kila tundu kwa mkono: inapaswa kushikwa kidogo unapoivuta. Ikitoka kwa kuteleza, tundu limelegea, na tundu lililolegea huleta ubovu uleule wa kuja na kupotea ambao watu huisingizia sensa. Mara nyingi aliyelilegeza ni fundi aliyetangulia, kwa kulichomeka ncha nene ya mita.

Kwa sensa ya koili, pima ukinzani kati ya pini zake mbili. Nyingi husoma kati ya omu 200 na 1,500, na kiwango cha gari lako kimo kwenye kitabu chake cha ufundi. Mita isiyosoma chochote inamaanisha koili imekatika. Pima pia kati ya kila pini na bodi ya injini, ambapo hapapaswi kuwa na mawasiliano yoyote. Kumbuka kwamba shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda: koili inayosoma omu 800 kwenye nyuzi joto 20 itakaribia omu 1,050 kwenye nyuzi joto 100, na huo si ubovu. Ubovu ni usomaji unaoruka ghafla au kutoweka sensa inapopata moto. Kipimo kingine kizuri ni kurudisha waya wa betri, kuweka mita kwenye volti za umeme geuzi (AC) na kumwomba mtu apige starta. Isiposoma hata sehemu ya kumi ya volti, sensa, mwanya au gurudumu la meno lina tatizo. Sensa ya Hall usiipime kwa omu kamwe. Irudishie umeme, hakikisha kwenye soketi kwamba volti za kuiendesha na waya wa hasi vinafika, ndipo uangalie waya wa ishara ukipanda na kushuka injini inapozungushwa.

Kutoa na kuweka sensa

Kwa kawaida sensa hushikwa na bolti moja tu, mara nyingi ya spana namba 10. Safisha eneo kwanza, maana mchanga ulioko pembeni utaangukia tundu likibaki wazi. Bolti ikitoka, izungushe sensa kulia na kushoto huku ukiivuta. Ikiwa imegandia, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha urudie. Ukiingiza bisibisi na kuinyanyua kwa nguvu, plastiki itakatika na ncha itabaki ndani ya bloku, na kazi ya dakika 20 itageuka ya siku nzima. Ikishatoka, tazama ncha yake. Unga mwembamba wa chuma ni jambo la kawaida kwenye sumaku, lakini vipande au mikwaruzo mipya inaonyesha kwamba meno yanaigusa.

Linganisha ya zamani na mpya juu ya meza: urefu wa ncha, pembe ya sikio la bolti, urefu wa waya na mpangilio wa pini. Tofauti ya milimita moja ya ncha hubadilisha mwanya wote, na sensa ya koili huwa dhaifu zaidi injini inapozunguka polepole, kwa hiyo kasoro hiyo huonekana kwanza wakati wa kuwasha. Paka oringi, yaani mpira wa duara unaozuia oili kuvuja, oili safi ya injini, ingiza sensa kwa mkono hadi ikae yenyewe, kisha kaza bolti. Bolti ya M6 ya aina hii kwa kawaida hutaka takriban niutoni-mita 8 hadi 10. Usitumie bolti kuivutia sensa ndani.

Soketi mpya

Hapa panahitaji subira kuliko penginepo pote. Nunua soketi yenye kipande cha nyaya zake, kisha piga picha ya zamani kabla ya kukata. Usifuate rangi, kwa sababu nyaya za soketi mpya mara nyingi zina rangi zake; fuata namba za matundu zilizochongwa kwenye plastiki. Nyaya za sensa ya koili zikibadilishana nafasi, mpigo hugeuka juu chini, na gari linaweza kuwaka kwa shida au majira ya cheche kupotoka, jambo linalochosha sana kulitafuta baadaye.

Kata na uunge waya mmoja mmoja, ukirudi nyuma hadi ufikie shaba inayong’aa. Shaba iliyosawijika ikatwe tena. Maungio yapishane kwa sentimita 3 au 4 ili yasilundikane mahali pamoja. Mimi huchagua viungio vya kubana kwa koleo lake, vikifunikwa kwa mrija wa kusinyaa wenye gundi ndani, kuliko kulehemu kwa risasi, kwa sababu risasi huufanya waya uwe mgumu na mtikisiko wa injini huuvunja pembeni mwa kiungo. Mrija uvishwe kwenye waya kabla ya kuunga. Nimewahi kumaliza maungio matatu mazuri na kuikuta mirija yote mitatu ikinisubiri mezani. Vuta kila kiungo kwa nguvu ya wastani kabla ya kukipasha joto. Kama nyaya zilikuwa zimesokotana, zisokote tena hadi karibu kabisa na soketi, na kama kuna wavu wa kinga, uendeleze bila kuuongezea hasi ya pili, kwa kuwa kwa kawaida umefungwa hasi upande mmoja tu.

Kabla ya kuchomeka soketi, chomoa na soketi ya kompyuta, ukitumia mchoro kupima kila waya kutoka mwisho hadi mwisho: uwe chini ya omu 1, na usigusane na mwenzake wala bodi. Rudisha nyaya kwenye vibanio vyake vya awali, mbali na ekzosi, alternata na nyaya za plagi, ukiziachia ulegevu kidogo.

Rudisha betri, futa misimbo na piga starta ukitazama skana. Mizunguko kati ya 150 na 250 kwa dakika inatosha kuonyesha kwamba ishara inafika. Endesha gari hadi injini iwe ya moto kweli, lizime, liwashe tena papo hapo, kisha utikise nyaya injini ikinguruma. Baadhi ya magari hudai kompyuta ifundishwe upya sensa kwa kutumia skana, na yasipofundishwa taa ya injini inaweza kurudi ingawa gari linakwenda vizuri. Asubuhi inayofuata pitisha kidole chini ya sensa: oili mbichi pale inamaanisha oringi imekatwa wakati wa kuingiza.