Diski na mtandao pepe kwa Linux ndani ya z/VM

Linux inapoendeshwa juu ya z/VM, mfumo unaoendesha mashine pepe kwenye meinifremu za IBM, kila diski na kila kadi ya mtandao inapaswa kujulikana mahali patatu. Kwanza CP, yaani kiini cha z/VM, iwe imempa mgeni (mashine pepe inayoendesha Linux) kifaa hicho. Pili, kerneli ya Linux iwe imekiwasha. Tatu, Linux iwe imeandikiwa kukiwasha tena kila inapoanza. Diski "iliyopotea" baada ya kuwasha mashine upya huwa haijapotea popote. Hatua mojawapo kati ya hizo tatu ndiyo iliyorukwa. Kwa hiyo ukikwama, uliza kwanza: nimekwama katika hatua ya ngapi?

Mfano wetu ni mgeni anayeitwa LINUX01: ana diski mbili za 3390, diski moja ya kumbukumbu kwa ajili ya swapu (nafasi ya akiba kumbukumbu inapojaa), na kadi moja pepe iliyounganishwa na swichi pepe VSW1. Amri za Linux za kushughulikia vifaa hivi zinatoka katika kifurushi cha s390-tools, ambacho huja na RHEL (huko huitwa s390utils), SLES na Ubuntu za s390x, yaani za meinifremu.

Hesabu ya silinda kabla ya yote

Diski ya 3390 (aina ya diski ya meinifremu; IBM huziita diski hizi DASD) hupimwa kwa silinda. Silinda moja ina traki 15, na traki moja hubeba baiti 56,664 ikiwa ghafi. Lakini Linux hufomati kwa bloku za baiti 4096, na traki moja huchukua bloku 12 tu za namna hiyo. Silinda moja basi inakupa KiB 720, si ile 849,960 ya baiti iliyoandikwa kwenye majedwali ya maunzi. Anayetumia hesabu ya maunzi hujikuta amepungukiwa na takriban asilimia 13 ya nafasi aliyoahidi watu. Kumbuka hivi: GiB 1 ni silinda 1457.

Volyumu za kawaida, yaani diski nzima kabla ya kugawanywa, ni 3390-3 yenye silinda 3339, 3390-9 yenye 10,017, na 3390-27 yenye 32,760. Silinda namba 0 ya kila volyumu usiigawe kamwe. Ndiyo inayobeba lebo na ramani ya mgao ya CP; Linux ikipewa silinda hiyo na kuifomati, lebo hufutika, na z/VM ikiwashwa tena haitaitambua volyumu hiyo.

Volyumu mpya huandaliwa na CPFMTXA kutoka akaunti ya msimamizi. Jiunganishie diski kwa `ATTACH 6A01 *`, endesha `CPFMTXA`, chagua FORMAT, kisha fomati silinda 0 hadi 0 peke yake, ipe lebo (tuseme LX0A01), na mgao uwe PERM kutoka 0 hadi END. Hakuna haja ya kufomati volyumu nzima, kwa sababu Linux itaifomati upya kwa namna yake. Kisha:

```
DETACH 6A01
ATTACH 6A01 SYSTEM
```

Ili z/VM iichukue yenyewe kila inapowashwa, faili la SYSTEM CONFIG liwe na mstari `User_Volume_Include LX*`. Baada ya kuhariri faili hilo endesha `CPSYNTAX SYSTEM CONFIG` kabla hujafanya lolote lingine. Kosa la herufi moja humo huweza kukunyima mfumo mzima.

Saraka ya watumiaji

Maelezo ya mgeni huandikwa katika saraka, yaani faili la USER DIRECT, na yanaonekana hivi:

```
USER LINUX01 nenosiri 4G 8G G
 CPU 00 BASE
 CPU 01
 IPL CMS
 MACHINE ESA 4
 NICDEF 0600 TYPE QDIO LAN SYSTEM VSW1
 MDISK 0200 3390 00001 16380 LX0A01 MR
 MDISK 0201 3390 16381 16379 LX0A01 MR
 MDISK 0300 FB-512 V-DISK 1048576 MR
```

Mistari ya MDISK ndiyo inayotaja diski ndogo za mgeni; 0200 na 0201 ni vipande vya volyumu moja. Angalia namba za silinda za diski hizo mbili. Ya kwanza inaanza silinda 1 na ina urefu wa 16,380, hivyo inaishia silinda 16,380. Ya pili lazima ianze 16,381. Ukiandika 16380, silinda moja itakuwa ya diski zote mbili, na ukiandika faili hilo kwa mkono hakuna atakayekuonya. Diski zote mbili zitafanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, hadi siku Linux itakapoandika kwenye silinda ile. Hili ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii, na dawa yake ni nyepesi: endesha `DISKMAP USER` kila ukibadilisha saraka, kisha soma faili la USER DISKMAP linalotoka. Linaonyesha mapengo, na linaonyesha sehemu zinazopandana. Baada ya hapo `DIRECTXA USER DIRECT C (EDIT` hukagua maandishi bila kuyatumia, na `DIRECTXA USER DIRECT C` huyaweka kazini.

Penye DIRMAINT, programu ya kusimamia saraka, mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa programu hiyo hutafuta nafasi yenyewe:

```
DIRM FOR LINUX01 AMDISK 0201 3390 AUTOG 16379 LXPOOL MR
```

Herufi za mwisho, MR, zina uzito. Maana yake: nipe ruhusa ya kuandika, lakini kama kuna mwingine anayeandika, nipe ya kusoma tu. MW humpa kila anayeomba ruhusa ya kuandika. Wapo wanaoiweka MW "ili isilete shida", na shida huja papo hapo: Linux mbili zikiandika kwenye ext4 au XFS moja, kila moja ikiwa na kache yake, mfumo wa faili huharibika bila tumaini la kuurekebisha. Ukiona ujumbe wenye maneno `forced R/O` wakati wa kuingia, au `lsdasd` ikionyesha `active(ro)`, usikimbilie kubadilisha MR. Mtafute kwanza mwenye diski hiyo mkononi.

Kuifikisha diski kwenye Linux

Badiliko la saraka humfikia mgeni anapoingia upya. Kama hutaki kumtoa, unganisha diski akiwa anaendelea na kazi, kutoka ndani ya Linux yenyewe:

```
modprobe vmcp
vmcp 'link * 0201 0201 mr'
vmcp q v dasd
lscss | grep 0201
```

Alama za nukuu ni za lazima, la sivyo shell itageuza nyota kuwa majina ya faili.

Ikiwa `q v dasd` inaionyesha diski lakini `lscss` haioni kitu, sababu karibu kila mara ni cio_ignore. Visakinishi vingi huacha kwenye vigezo vya kerneli agizo la kupuuza vifaa vyote visivyotajwa. Kitoe kifaa katika orodha hiyo kwa `cio_ignore -r 0.0.0201`. Halafu:

```
chzdev -e dasd 0.0.0201
lsdasd
dasdfmt -b 4096 -d cdl -p -y /dev/dasdb
fdasd -a /dev/dasdb
```

Kabla ya dasdfmt hakikisha kwa `lsdasd` kwamba dasdb ndiyo 0.0.0201. Majina ya dasda na dasdb hutolewa kwa mpangilio wa kuwashwa, nayo hubadilika. Katika fstab tumia UUID au njia isiyobadilika kama `/dev/disk/by-path/ccw-0.0.0201-part1`.

Mpangilio wa cdl (ule uliotajwa katika amri ya dasdfmt) huruhusu patisheni tatu tu kwa diski moja. Wengi huweka moja, kisha hukabidhi nafasi kwa LVM (zana ya Linux ya kuunganisha diski na kugawa nafasi): `pvcreate /dev/dasdb1`, si `/dev/dasdb`, kwa kuwa traki za mwanzo za diski zina lebo na VTOC (orodha ya yaliyomo kwenye diski) ambazo z/VM na z/OS huzisoma. Ukitaka LVM igawe maandishi kwa misururu juu ya diski kadhaa, ziwe kwenye volyumu tofauti. Misururu juu ya diski ndogo mbili za volyumu moja, kama hizi za mfano wetu, haiongezi kasi yoyote.

Amri `chccwdev -e` nayo huwasha diski, ila kwa sasa tu. Mashine ikiwashwa upya diski haipo. `chzdev -e` huwasha na kukumbuka. Katika RHEL 8 na 9 utaratibu wa desturi ni huu: diski za data huandikwa katika `/etc/dasd.conf`, na diski inayobeba mzizi (/) wa mfumo wa faili huongezwa kama kigezo cha kerneli `rd.dasd=0.0.0201`, kisha `zipl`, inayoandika upya programu ya kuwashia, huendeshwa. Ukipanua kikundi cha LVM chenye mzizi kwa diski mpya na kusahau hatua hiyo, leo kila kitu kitaenda sawa. Siku ya kuwasha upya utaishia kwenye shell ya dharura ya dracut, juu ya konsoli ya 3270 ambako vi haifanyi kazi na Ctrl-C huandikwa `^c`. Jiandae kuhariri kwa sed.

Swapu kwenye VDISK

Diski 0300 ni ya kumbukumbu: bloku 1,048,576 za baiti 512, yaani MiB 512. Haichukui nafasi kwenye diski halisi, na hutumia kumbukumbu ya z/VM pale tu Linux inapoandika. Ni mahali pazuri sana pa swapu, na mpango unaofaa ni VDISK mbili au tatu ndogo zenye vipaumbele tofauti, ndogo kabisa ikitangulia, ili uone mapema mgeni anapoanza kuishiwa kumbukumbu. Vipaumbele vikilingana, Linux huzijaza zote kwa zamu, na z/VM hulazimika kuzibeba zote.

Diski hii ni ya aina ya FBA (hupimwa kwa bloku, si kwa silinda), kwa hiyo haihitaji dasdfmt wala fdasd. Patisheni moja hujitokeza yenyewe. Ila hufutika mgeni anapotoka, na akiingia tena hurudi tupu bila alama ya swapu. Mstari wa fstab peke yake hautatosha. Weka huduma ndogo ya systemd inayoendesha haya mawili kila mashine inapowaka:

```
mkswap /dev/disk/by-path/ccw-0.0.0300-part1
swapon -p 20 /dev/disk/by-path/ccw-0.0.0300-part1
```

Swichi pepe

VSWITCH ilikuja na z/VM 4.4 mwaka 2003, na leo hakuna sababu ya kuanzia kwingine kwa mtandao wa kawaida. Kadi ya OSA, yaani kadi halisi ya mtandao ya meinifremu, hutumia anwani tatu zinazofuatana: ya kusoma, ya kuandika na ya data, unataja ya kwanza tu, na iwe namba shufwa. Katika SYSTEM CONFIG:

```
VMLAN MACPREFIX 02AA01
DEFINE VSWITCH VSW1 RDEV 1E00 2E00 ETHERNET
MODIFY VSWITCH VSW1 GRANT LINUX01
```

Anwani 1E00 na 2E00 ziwe za kadi mbili tofauti, zilizochomekwa kwenye swichi halisi mbili tofauti. Ya pili husubiri, kisha hushika kazi ya kwanza ikianguka. Milango miwili ya kadi moja haikupi usalama huo.

MACPREFIX isichukuliwe kama pambo. Isipowekwa ni 020000 kwa kila z/VM, na mifumo miwili iliyo kwenye mtandao mmoja huweza kutoa anwani za MAC zinazofanana. Matokeo yake ni mgeni anayepatikana na kupotea kwa zamu. Badiliko la MACPREFIX husubiri z/VM iwashwe upya, hivyo liweke mapema.

Neno ETHERNET linaifanya swichi ifanye kazi katika tabaka la 2, ambako kila mgeni ana MAC yake. Neno IP huiweka katika tabaka la 3, na huko DHCP na tcpdump huleta usumbufu. Chagua ETHERNET. Upande wa Linux ulingane nao:

```
chzdev -e qeth 0.0.0600 layer2=1
lsqeth
```

Kiolesura kitaitwa enc600. Anwani ya IP huwekwa kwa zana ya kawaida ya toleo lako, nmcli au netplan. Ukimnakili mgeni kutoka kwa mwingine, futa mistari yote yenye MAC katika mafaili ya mtandao. MAC ya mashine ya zamani ikibaki, wageni wawili watagombania anwani moja.

Mtandao ukikataa, kagua kutoka juu kwenda chini. `QUERY VSWITCH VSW1 DETAILS` ionyeshe `Ready`. Isipoonyesha, tazama `QUERY CONTROLLER`: mashine za DTCVSW1 na DTCVSW2 ndizo zinazoiendesha swichi, na zisipowashwa swichi haina mtu wa kuongea na OSA. Kisha `vmcp q nic 0600 details` ndani ya mgeni. Kadi ipo lakini haijaunganishwa? Ruhusa ya GRANT ilisahaulika. Itoe kwa `SET VSWITCH VSW1 GRANT LINUX01`, halafu `vmcp couple 0600 to system VSW1`. Amri ya SET haidumu z/VM ikiwashwa upya. Andika MODIFY katika SYSTEM CONFIG siku hiyo hiyo.

Swichi yenye VLAN (mitandao inayotenganishwa kwa lebo) ina kosa lake maarufu. Ukimpa mgeni mlango wa ACCESS wenye VLAN 120, swichi pepe ndiyo inayoweka na kuondoa lebo. Linux nayo ikijitengenezea kiolesura cha VLAN 120, hakuna pakiti itakayopita. Upande wa nje, mlango wa swichi halisi unaoelekea OSA lazima uwe wa aina ya trunk.

Kwa fremu kubwa, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ni 8992, na njia nzima iikubali. Dalili ya kutokubaliana ni ssh inayofunguka, kisha inaganda unapoomba maandishi marefu. `ping -M do -s 8964` itakuonyesha haraka.

Jaribio

Amri ya `reboot` haitoshi kuthibitisha kazi hii. Huwasha Linux upya ndani ya mashine pepe ile ile, saraka haisomwi tena, VDISK haifutwi, na diski uliyoiunganisha kwa LINK bado ipo. Mzime mgeni kwa `SIGNAL SHUTDOWN LINUX01 WITHIN 300`, hakikisha ametoka kabisa kwa `QUERY USER LINUX01`, kisha `XAUTOLOG LINUX01`. PROFILE EXEC yake, yaani skripti inayoendeshwa mgeni anapoingia, iwe na `CP SET RUN ON` na mwishoni `CP IPL 0200`. Akishawaka, endesha `lsdasd`, `swapon --show` na `lsqeth`, na ulinganishe na saraka mstari kwa mstari.