Dizeli inasumbua kuwaka asubuhi? Tafuta hewa kabla hujagusa pampu

Gari imelala usiku kucha, asubuhi unapiga stata mpaka betri inaanza kulegea, ikiwaka inatikisika inataka kuzima, alafu baada ya muda kidogo inatulia na siku nzima haikusumbui tena. Hapo wengi wanakimbilia kufungua pampu (ile kubwa ya injini inayosukuma mafuta kwa presha) au kubadilisha nozeli (zinazopulizia mafuta ndani ya injini), hela inateketea na kesho tatizo liko palepale. Jamani, anza na hewa inayoingia kwenye njia ya mafuta kwanza.

Magari mengi ya dizeli, mafuta yanavutwa toka tangini, hayasukumwi. Kwa hiyo penye ufa, injini ikiwa inaunguruma halidondoki hata tone, hewa ndo inaingia. Ukizima, mafuta yanarudi taratibu tangini na mpira unabaki mtupu. Usitafute dimbwi chini ya gari, tafuta unyevunyevu na vumbi lililogandana jeusi kwenye maungio. (Kama tangi lina pampu ya umeme ndani basi njia hiyo ina presha, na ikipasuka utaona mafuta nje.)

Jaribio la bure: asubuhi kabla ya stata, minya pampu ya mkono pale kwenye filta mpaka iwe ngumu. Gari ikiwaka hapohapo, mchawi umeshampata. Au ipaki usiku pua ikiwa chini mtelemkoni, ikiamka vizuri jibu ni hilohilo.

Sasa inaingilia wapi? Chukua kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, unga kati ya filta na pampu ya injini, washa. Viputo vichache vya mwanzo vikiisha hamna shida, ila vikiendelea kupita kama mnyororo, hewa inaingia nyuma ya hapo, upande wa kuelekea tangini. Hamishia mpira kabla ya filta: huku kukiwa safi, tatizo ni filta yenyewe. Kukiwa na viputo bado, chovya bomba la kuvuta kwenye galoni la dizeli safi karibu na injini, na la kurudisha pia, na vikipotea basi ubovu uko upande wa tangi.

Filta ndo naishuku kuliko vyote. Mi nilibadilisha mipira yote ya gari yangu, viputo vikawa vilevile, kumbe ni oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya koki ya kutolea maji chini ya filta. Kwa macho ilikuwa nzima kabisa, nilipoikunja kwa kucha ndo ukaonekana mstari mwembamba kama unywele. Angalia pia kama oringi ya zamani haijabaki imenata wakati unaweka mpya. Na vile vimpira vyembamba vya kurudisha mafuta juu ya nozeli, vikikauka badilisha vyote kwa mpigo.

Ukishaziba, legeza skrubu ya kutolea hewa, minya pampu ya mkono mpaka povu liishe yatoke mafuta matupu, kaza. Injini za zamani unaweza kulegeza nati za mabomba ya nozeli huku mtu anapiga stata. Zile za komoni reli (dizeli za kisasa, bomba moja la presha linalisha nozeli zote) USIFANYE hivyo, presha humo inapita baa 1,000 na mafuta yanatoboa ngozi, ukitobolewa ni hospitali haraka hata kama kidonda ni kidogo.

Klipu usizikaze kwa hasira, zinakata mpira. Alafu iache ilale, asubuhi usiguse pampu ya mkono, piga stata tu.