Somo: Kabla hujalipa kodi ya fremu, zisome namba za eneo

Mama mmoja anayeshona sare za shule Mwananyamala alinijia na karatasi aliyoichapisha steshenari. Alikuwa amezungushia kalamu nyekundu namba mbili: Kinondoni 2012, watu 1,775,049, Kinondoni 2022, watu 982,328. "Mwanangu, watu wanahama huku. Nimeshaongea na mwenye fremu Chanika, Jumatatu nampelekea kodi ya miezi sita."

Namba zote mbili ni za kweli, zimetoka kwenye sensa. Kilichotaka kumponza ni jinsi alivyozisoma. Nilimwomba anipe siku moja, tukakaa barazani kwake na kikokotoo cha simu. Tulichokifanya siku ile ndicho ninachowaandikia leo, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwenye karatasi

Usifungue jedwali lolote kabla ya hapo. "Nataka kujua kuhusu Temeke" si swali. "Watoto wa umri wa shule wameongezeka wapi zaidi, Mwananyamala au Chanika?" ndilo swali. Ukikosa swali, namba yoyote kubwa itakuvuta.

Hatua ya 2: Ujue mpaka

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sensa ya 2012 ilipofanyika, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Ya 2022 ilikuta tano, kwa sababu katikati hapo Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Watu wa Kimara na Mbezi hawakuhama. Walilala nyumba zilezile, wakahesabiwa chini ya jina jipya.

Dawa yake ni kurudisha kipande kilichomegwa. Kinondoni 982,328 jumlisha Ubungo 1,086,912 unapata 2,069,240. Linganisha na 1,775,049 ya 2012: ongezeko la karibu asilimia 17. Temeke 1,346,674 na Kigamboni 317,902 ni 1,664,576, kutoka 1,368,881: karibu asilimia 22. Ilala ilitoka 1,220,611 hadi 1,649,912, yaani asilimia 35.

Mama alipoona 2,069,240 kwenye kioo cha simu alinyamaza, akaichukua simu, akajumlisha mwenyewe tena.

Kuna mtego wa pili wa aina hiyohiyo. Tangu 2021, "Jiji la Dar es Salaam" kiutawala ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Ukikuta jedwali limeandikwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, watu 1,649,912, usidhani ni mkoa mzima. Mkoa mzima ni 5,383,728. Nimeshaona mpango wa biashara umegawa mapato ya mkoa kwa watu wa jiji, na hesabu zote zilizofuata zikaharibika.

Hatua ya 3: Tafuta kasi, na uilinganishe na jirani

Mkoa ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012. Kufikia 5,383,728 ni ongezeko la asilimia 23 kwa miaka kumi. Usigawe kwa kumi ukasema 2.3 kwa mwaka, maana ongezeko la mwaka huu nalo linazaa mwakani. Kasi halisi ni kama asilimia 2.1 kwa mwaka. Ukitaka kujua idadi itajirudia mara mbili baada ya muda gani, gawa 70 kwa kasi hiyo: kama miaka 33.

Sasa iweke pembeni ya namba nyingine. Tanzania nzima ilitoka 44,928,923 hadi 61,741,120, kasi ya asilimia 3.2. Maana yake Dar ilikua polepole kuliko nchi! Mwaka 2012 karibu watu 10 katika kila Watanzania 100 walikuwa Dar. 2022 hawafiki 9. Mtu anayeshinda kwenye foleni ya Ubungo atakubishia, na ana haki ya kubisha, kwa sababu jibu liko nje ya mpaka. Mkoa wa Pwani ulitoka 1,098,668 hadi 2,024,947, ongezeko la asilimia 84. Ukijumlisha Dar na Pwani unapata ongezeko la karibu asilimia 36, karibu sawa na mwendo wa nchi, asilimia 37.

Si Pwani yote ni Dar iliyofurika. Mafia na Rufiji zimo pia humo. Lakini anayeishi Kibaha au Vikindu akapanda gari alfajiri kwenda Kariakoo anajua ninachosema. Mji umevuka mpaka, jedwali limebaki ndani. Mimi kwa Dar sisomi tena ukurasa wa mkoa mmoja bila kufungua wa Pwani.

Hatua ya 4: Kumbuka sensa huhesabu usiku

Watu huhesabiwa pale walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na mara hii ilikuwa Agosti 23, 2022. Kariakoo ya sensa ni Kariakoo ya wanaolala Kariakoo. Wauzaji, wapagazi, wateja waliotoka Mbeya na Lubumbashi, wale wanaojaza Mtaa wa Kongo saa sita mchana, wamehesabiwa kwingine. Kama unauza chakula cha mchana, idadi ya wakazi haikusaidii sana. Kama unauza maziwa ya asubuhi au unafungua chekechea, hiyo ndiyo namba yako.

Hatua ya 5: Umri na kaya

Hii ni fupi. Majedwali ya sensa yamepanga watu kwa makundi ya miaka mitano mitano. Chukua kundi linalohusu swali lako tu. Kwa sare za msingi tuliangalia 5 hadi 9 na 10 hadi 14, basi. Anayeuza majiko, magodoro au gesi ahesabu kaya badala ya watu, kwa kuwa jiko moja hupikia kaya nzima.

Hatua ya 6: Pato, kwa uangalifu

Dar huchangia takriban asilimia 17 ya pato la Tanzania Bara, wakati watu wake ni kama asilimia 9 ya watu wa Bara. Angalia nimesema Bara: Zanzibar ina hesabu zake za pato, kwa hiyo ukigawa, gawa kwa watu 59,851,347 wa Bara, usigawe kwa nchi nzima.

Ukiligawa pato hilo kwa kichwa, mtu wa Dar anaonekana kuwa na karibu mara mbili ya wastani wa Bara. Usikimbilie kusema ana fedha hiyo mfukoni. Pato la mkoa ni thamani ya kazi iliyofanyika humo. Bandari inashusha mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na thamani ya huduma hiyo inaandikwa Dar, lakini haimfikii muuza genge wa Mbagala kwa mgawo sawa. Kujua watu wanatumia nini nyumbani, soma Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya.

Hatua ya 7: Nenda ukahesabu mwenyewe

Tulikwenda Chanika siku ya shule, tukafika kituoni saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mama alikaa kwenye benchi la muuza chai na daftari la kumbukumbu za vipimo, akachora vijistari: vinne vimesimama, wa tano unavikata. Safu moja ya watoto wenye sare mpya, nyingine ya zilizofifia au zenye viraka. Baada ya saa moja na nusu safu ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Hakuna ripoti ya serikali itakayokuambia hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuza vifaa vya ujenzi, Goba: Mwalimu, mtaa wangu siuoni kabisa kwenye orodha ya 2012. Nafanyaje?

Kaka, huenda ulikuwa sehemu ya mtaa mwingine. Nenda kwa mtendaji wa kata au mwenyekiti wa mtaa umuulize uligawanywa kutoka wapi, kisha jumlisha ndugu wote waliotoka tumbo moja, kama tulivyofanya Kinondoni na Ubungo. Usipopata jibu la uhakika, tumia ya 2022 peke yake na usiseme lolote kuhusu ongezeko.

Mwenye saluni, Tabata: Sensa ni ya 2022. Nikizidisha kwa ile 2.1 nitapata idadi ya sasa ya kata yangu?

Hapana, dada. Ile 2.1 ni wastani wa mkoa mzima. Ndani yake kuna kata za katikati ya mji ambazo nyumba zinageuka maghala na ofisi, na kata za pembezoni ambako kila wiki kuna msingi mpya. Kwa mkoa na wilaya tafuta makadirio ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kwa kata, chukua 2022 kama msingi, halafu pita mtaani uone nyumba zinazojengwa.

Dereva wa bajaji, Kibada: Kigamboni ina watu laki tatu na kitu tu. Ina maana biashara huku hakuna?

Laki tatu hizo hazijatawanyika sawasawa. Wilaya ni pana, inashuka hadi Kimbiji na Pembamnazi, na huko kuna mashamba na pwani tupu. Ukigawa watu kwa eneo la wilaya nzima utapata msongamano mdogo usiofanana na Tungi wala Kibada. Gawa kwa kata. Wewe abiria wako ni wa kata mbili au tatu.

Mzee wa Mbagala Kuu: Nimesikia umaskini Dar ni asilimia nane. Mimi mtaani kwangu naona zaidi ya hapo.

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ni ya utafiti wa 2017/18: asilimia 8 Dar, wakati Bara yote ilikuwa 26.4. Inapima walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Aliye juu ya mstari kwa shilingi mia hahesabiwi, ingawa homa moja ya mtoto inamrudisha chini. Tena nane ndogo ya mkoa mkubwa ni watu wengi. Hata ukitumia idadi ya 2012, ni karibu 350,000, wanaoizidi Kigamboni nzima ya sensa ya juzi. Na hawajagawanyika sawa kila mtaa. Macho yako hayapingani na namba hiyo, mzee.

Mshona mapazia, Sinza: Yule mama alihamia Chanika?

Hakuhama. Mwananyamala ana wateja wa miaka, na sababu iliyokuwa inamtoa haikuwepo. Lakini Ilala, wilaya yenye Chanika, kweli imekua kuliko zote, na vijistari vyake viliona kitu. Mwezi wa kwanza aliweka meza mbele ya duka la shemeji yake Chanika, na futi ya kupimia shingoni. Wiki ya kufungua shule alikuwa amejaza kurasa tatu za oda, na fremu bado hajailipia.