Somo: Jinsi ya kumtofautisha Asilisaurus na dinosaria

Wakuu habari, leo tumchambue mnyama mwenye jina la Kiswahili, Asilisaurus kongwe, yaani "asili" na "kongwe" zetu kabisa, ile "saurus" ndio Kigiriki, mjusi. Mifupa yake ilitoka kusini mwa Tanzania, bonde la Ruhuhu, ule mto unaomwaga maji Ziwa Nyasa. Mtafiti wa visukuku Sterling Nesbitt na wenzake walimtangaza 2010. Inaniuma watu wakimuita dinosaria tu halafu basi, wakati utamu wake uko kwenye hiyo tofauti.

Hatua ya 1: umri. Walipomtangaza walimkadiria miaka milioni 245 hivi, enzi ya Triasiki, dinosaria wa kwanza wasio na ubishi wa kule Argentina wana kama milioni 230. Ila umri peke yake hautoshi.

Hatua ya 2: taya la chini. Ncha ya mbele haina meno, imechongoka kama mdomo wa ndege, nyuma yake ndio kuna vimeno vifupi kama vigingi. Meno ya kurarua nyama hayako hivyo, inaelekea majani alikula sana.

Hatua ya 3, hapa tulieni: nyonga. Tafuta kile kikombe ambacho kichwa cha mfupa wa paja kinakaa ndani yake. Kwa dinosaria kimetoboka, ukichungulia unaona upande wa pili kama dirishani. Kwa Asilisaurus ukuta wa mfupa bado upo, na mimi hapa ndio huwa naanzia kila mara.

Hatua ya 4: umbo. Urefu mita 1 hadi 3, uzito kilo 10 hadi 30, na inaonekana alitembea kwa miguu minne.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, si ndio yule wa Tendaguru aliyepo Berlin?
Hapana mkuu, yule wa makumbusho ya Berlin, aliyechimbwa Tendaguru mkoani Lindi, ni Giraffatitan, jitu la shingo ndefu, dinosaria kamili, miaka kama milioni 150 tu.

Kwa hiyo huyu ni babu wa dinosaria?
Sio babu, chukulia mtoto wa baba mdogo. Ukimkuta yeye ujue na tawi la dinosaria lilishajitenga tayari. Ila kuna watafiti wanaoliingiza kundi lake ndani ya dinosaria wenyewe, upande wa wala majani, ubishi haujaisha.

Walipata mmoja tu?
Angalau 14, ndio maana waliweza kuunganisha karibu mifupa yote, ikabaki sehemu za fuvu na kiganja.