Kabla hujachoma mfupa wa kwanza: mradi wa mwaka wa nne, uhandisi kemikali

Wengi huanza na mada. Mimi nashauri uanze na kipimo. Tuseme unataka kuondoa floraidi, madini ambayo yakizidi kwenye maji hutia meno rangi ya kahawia, kwenye maji ya Arusha kwa mkaa wa mifupa. Mada hiyo haijapitwa na wakati, maana meno hayo bado tunayaona. Kabla hujaandika hata ukurasa mmoja wa pendekezo, ingia maabara umuulize fundi sanifu: elektrodi ya floraidi, yaani kifaa cha kuipimia, ipo? Inasoma? Bafa yake, ile dawa ya maji inayochanganywa na sampuli kabla ya kupima, imebaki kiasi gani? Usiridhike kuiona kabatini. Kiwango cha juu cha floraidi cha WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo kifaa kinachoyumba kwa miligramu nzima hakikusaidii kitu. Tengeneza sampuli mbili tatu ambazo kiasi chake unakijua, uone kama kitasoma ulichoweka. Mwaka wetu kifaa kilikuwepo kwenye orodha ila bafa ilikuwa imekwisha. Tulisubiri wiki sita, mifupa imeshachomwa na kusagwa.

Mifupa yenyewe haisumbui, machinjioni utapewa. Ichemshe kwanza itoke mafuta, na wenye tanuru uwaarifu mapema, maana harufu yake watu hawaisahau. Cha kuchunga ni joto. Kwenye nyuzijoto 400 hadi 500 hivi, hewa ikiwa kidogo, unapata mkaa mweusi wenye vitundu. Ukizidisha sana, uwezo wake wa kushika floraidi unashuka. Ukipunguza, maji yatatoka na rangi na harufu, na hakuna mama atakayeyanywesha wanawe hata grafu zako zipendeze vipi.

Halafu maji. Maji safi uliyotia sodiamu floraidi mwenyewe si maji ya Arusha. Yale ya huko yana bikaboneti nyingi, na hiyo hupunguza kazi ya mkaa. Kachote kwenye chanzo, kwa chupa za plastiki na si za kioo, ukiwa na barua ya utambulisho ya chuo. Kamati ya maji ya kijiji wataiulizia.

Glavu na barakoa ya vumbi ununue mwenyewe, usingoje za idara.

La mwisho ni mkaa uliochoka, yaani uliokwishajaa floraidi. Siku ya kutetea mradi lazima atatokea mmoja akuulize unaupeleka wapi. Huwa unafufuliwa kwa soda kaustiki, basi kwenye ratiba yako tenga siku tatu za kujaribu hata mzunguko mmoja.